Kutembea kando ya Mto Rau masika yanapoanza: mwongozo kamili kwa watu wawili

Kati ya mvua za kwanza za Machi na mvua nzito za Aprili kuna majuma machache ambapo mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, hubadilika huku unautazama. Vumbi la Januari na Februari linalala. Migomba iliyokuwa imesinyaa inanyoosha majani. Mbayuwayu wanajipanga kwenye nyaya za umeme, wengi kuliko siku zote, maana huu ndio wakati wao wa kurudi Ulaya, baridi ya huko ikiwa inaisha. Wao wanafuata jua, sisi tumepata mvua, na kwa siku chache tunakutana njiani.

Hayo ndiyo majuma ninayoyapenda kuliko yote kwa kutembea mtoni na rafiki. Jua bado si kali asubuhi, njia haijawa tope tupu, na mto umeanza kupata sauti. Lakini ndiyo majuma ambayo mto unadanganya kuliko wakati wowote, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuutazama ukiwa umeketi kando yake. Mengine yote, viatu na chai na nauli, ni mepesi.

Uelewe mto kabla hujaufuata

Mto Rau unashuka kutoka mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, unapita upande wa mashariki wa mji wa Moshi, unaingia kwenye Msitu wa Rau, kisha unaelekea kwenye mashamba ya mpunga ya ukanda wa chini. Maji yanayobaki yanafika uwanda wa Kahe na kuingia Ruvu, yanatua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanaendelea kama Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi.

Watu wengi, hata wenyeji, wanadhani maji haya yanatoka kwenye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Barafu inachangia kidogo mno. Maji yetu yanatoka msituni. Mteremko wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Moshi mjini hatufikishi hata 1,000. Msitu ule unainywa mvua, unaihifadhi ardhini, na kuiachia polepole kupitia chemchemi.

Kutokana na hilo fahamu jambo moja, hata kama utasahau mengine yote: mvua inayokuhusu wewe uliyeko chini ni ile iliyonyesha juu. Unaweza kuwa umekaa kwenye jiwe kavu, anga la Moshi jeupe kabisa, na maji ya mvua ya Uru, huko juu mlimani, yakawa njiani yanakuja. Nilijifunza hivyo vibaya. Miaka kadhaa iliyopita mimi na mwenzangu tulikuwa tumevua viatu, miguu ndani ya maji, tunakula maandazi. Jua lilikuwa linawaka. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi shambani na jembe begani alisimama ukingoni akatuita kwa sauti kubwa, «Wanangu, tokeni hapo! Maji yamebadilika!» Sikuona kilichobadilika. Tulitoka kwa heshima tu, kwa kuwa mtu mzima amesema. Hatukumaliza kufunga kamba za viatu kabla lile jiwe halijafunikwa. Shikamoo niliyompa baada ya hapo niliitoa kwa moyo wote, naye aliitikia marahaba, akaketi na kutuonyesha alichokuwa amekiona. Mengi yaliyomo kwenye sehemu ya kusoma maji hapo chini nimeyapata kwake.

Chagua mwenzako

Watu wawili ndiyo idadi nzuri. Watatu wanagawanyika, wawili wanaongea na mmoja anabaki nyuma na simu. Mtu mmoja peke yake mtoni wakati wa masika sishauri hata kidogo, maana kuteguka mguu kidogo tu kunageuka kuwa tatizo la siku nzima.

Tafuta mtu ambaye mwendo wake unaendana na wako, au ambaye uko tayari kumfuata kwa mwendo wake. Kabla ya siku yenyewe mkubaliane mambo mawili waziwazi. La kwanza, kila mmoja ana haki ya kusema «turudi» bila kutoa sababu, na yule mwingine harudishi mjadala. La pili, simu zinakaa mfukoni isipokuwa kwa picha na dharura. Nimeona urafiki wa miaka ukikosa la kusema kwa nusu saa ya kwanza njiani kwa sababu tumezoea kuongea kwa ujumbe. Subirini. Baada ya kilomita moja hivi maneno yanakuja yenyewe.

Chagua siku

Anza kuangalia siku tatu kabla. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zinatolewa kila siku, zisome. Kisha tumia macho yako. Hapa Moshi, mlima unaonekana vizuri alfajiri na jioni. Ukiuona Kibo uko wazi asubuhi mbili mfululizo, ni dalili nzuri. Wingu jeusi likiwa limekaa katikati ya mlima tangu jioni, usiku umesikia ngurumo upande wa juu, ahirisha, hata kama kwako hakijadondoka kitu. Masika yetu mara nyingi hunyesha usiku, kwa hiyo maji mengi huwa yanashuka asubuhi ileile unayotaka kutoka.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kupiga simu juu. Karibu kila mtu wa Moshi ana shangazi, shemeji au mtu aliyesoma naye anayekaa Uru, Mbokomu au Old Moshi. Mpigie saa 12 asubuhi, umsalimie ipasavyo, umuulize kama usiku kulinyesha na kama mto unasikika kutoka nyumbani kwake. Akisema unasikika, nenda mkanywe chai naye badala ya kwenda mtoni.

Jumamosi mapema ni nzuri. Jumapili asubuhi njia ni tulivu zaidi, ila wengi wako ibadani, na mkipata shida watu wa kuwasaidia ni wachache.

Vitu vya kubeba

Viatu kwanza. Udongo wa huku ukilowa unashika soli kama unga wa ugali kwenye mwiko, halafu unateleza. Raba za kukimbilia zenye soli iliyolika hazifai. Gambuti ni nzuri kwa tope na kwa nyoka, lakini maji yakiingia ndani zinakuwa mzigo, tena zinachubua mguu kama hukuvaa soksi ndefu. Mimi navaa buti za ngozi za mtumba zenye meno, nilizozipata soko la Memorial, hapa mjini, baada ya kuzitafuta kwa subira. Chukua na fimbo, ya mti wowote, inayofika kifuani. Fimbo inapima tope, inapima kina, na inakushika unapoteremka.

Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu unahitaji mikono. Simu na fedha weka kwenye kopo dogo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Zamani tulifunga kwa mifuko ya nailoni. Ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na kopo ni imara zaidi. Beba maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtu, usitegemee ya mto. Beba chai ya maziwa kwenye chupa, maandazi au vitumbua, ndizi mbivu, karanga. Soksi kavu jozi moja. Dawa ya kupaka ya mbu, kwa sababu mnaelekea upande wa mpunga. Noti ndogondogo za nauli na kiingilio. Basi.

Kabla hujatoka mwambie mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi, na uhifadhi namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji kwenye simu yako.

Njia yenyewe

Wageni wengi hupelekwa juu, Materuni, kwenye maporomoko. Ni pazuri kweli, nami hupenda kwenda huko Julai. Kwa Machi napendekeza chini, Msitu wa Rau, kwa sababu ni tambarare: hakuna miteremko ya utelezi, mnaweza kutembea mkiwa mnaongea, na pa kukimbilia mto ukijaa pako karibu.

Msitu uko kilomita chache kusini-mashariki mwa katikati ya mji. Ukitokea Mnara wa Saa unaweza kwenda kwa miguu ukiwa na muda, lakini kwa siku hii pandeni bodaboda au bajaji mfike mkiwa na nguvu. Elewaneni nauli kabla ya kupanda na mchukue namba ya dereva kwa ajili ya kurudi. Mkiondoka mjini saa 12 na nusu, jua linapochomoza, mtaingia msituni wakati ndege wameanza kazi.

Huu ni msitu wa hifadhi wa serikali, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ingieni kwa utaratibu: lipeni kiingilio, chukueni risiti, na kama ni mara yenu ya kwanza chukueni mwongozaji mwenyeji. Njia za ndani zinafanana, na mvua za kwanza huangusha matawi yanayoziba zile ulizozizoea. Mwongozaji pia atawapeleka kwenye miti ambayo mngeipita bila kujua.

Na miti ndiyo sababu ya kuja hapa. Msitu huu wa hekta zipatazo 570 unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, ndiyo maana ni wa kijani hata Februari wakati pembeni yake kila kitu ni kahawia. Kuna mivule ambayo watu wanne wakishikana mikono wanaizunguka kwa shida. Kuna mikuyu yenye mizizi inayoshuka mpaka majini. Na kuna msoo, mti adimu sana duniani, ambao wanasayansi walipoupa jina lao waliacha lile la hapa likabaki ndani yake: *Oxystigma msoo*. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilisimama nikaushika shina kwa muda mrefu. Mtu anaweza kuzaliwa Majengo, mtaa wa hapa Moshi, akasoma Majengo, akazeeka, asijue kwamba mwendo mfupi tu kutoka kwake umesimama mti ambao sehemu kubwa ya dunia haina. Mwonyeshe mwenzako. Upeni mti huo dakika kumi.

Tazameni juu pia. Mbega wanaonekana kwa mkia mweupe unaoning'inia kabla hujaona uso. Kima wana haraka zaidi. Hondohondo utamsikia mabawa yake kabla ya sauti, yanapiga hewa kama mtu anayekung'uta shuka. Msiwape chakula, hata kipande cha ndizi. Kima aliyezoea kupewa leo kesho anaingia jikoni kwa watu na anapigwa mawe.

Msitu ukiisha, uwanda unafunguka mbele yenu: majaruba ya mpunga ya upande wa Mabogini, sehemu ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Maji ya Rau na ya chemchemi za Njoro yanagawanywa hapa kwa mifereji. Yangeyange wanatembea nyuma ya wakulima. Geukeni mtazame kaskazini: kama mlima uko wazi mtauona mzima, Kibo na Mawenzi, na chini yake msitu mliotoka. Hapa ndipo pa kufungua chai.

Msitembee juu ya kingo za majaruba bila kuruhusiwa. Kingo ni udongo tu uliofinyangwa kwa mkono, na mguu mmoja mzito unaweza kutoboa mahali maji ya mtu yatakapovuja usiku kucha. Wala msiingie kwenye maji yaliyotulia ya majaruba na mifereji kwa miguu mitupu, kwa ajili ya kichocho.

Kusoma maji

Sasa lile la mzee mwenye jembe.

Mkifika ukingoni, kabla ya kukaa, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kijiti chembamba, wima. Kila baada ya dakika tano mmoja wenu akitazame. Maji yakikipita kwa upana wa vidole viwili, nyanyukeni. Usianze kubishana kama ni wimbi tu. Jambo hili dogo ndilo lenye thamani kuliko yote niliyoandika hapa, kwa kuwa macho ya mtu anayeongea hayaoni mabadiliko ya polepole.

Rangi ndiyo dalili ya pili. Rau mwanzoni mwa masika huwa na weupe kidogo, lakini unaona mawe ya chini. Ukigeuka ghafla ukawa kama chai ya maziwa, ujue udongo wa juu umeanza kushuka. Ya tatu ni takataka: majani mabichi, vijiti, vipande vya migomba vinavyopita katikati ya mto. Majani makavu ni kawaida. Majani mabichi yanamaanisha kuna kitu kimeng'oa. Ya nne ni harufu ya udongo mbichi inayokuja na upepo kutoka upande wa juu. Ya tano ni sauti, na hii ndiyo aliyoisikia mzee: chini ya mlio wa kawaida wa maji panaingia mlio mzito, kama lori linalopita barabara ya mbali. Ni mawe yanayoviringishwa.

Dalili moja inawadanganya hata wazoefu. Mto ukipungua ghafla bila sababu, usifurahi. Huenda magogo yameziba mahali fulani juu, na yatakapoachia, yanaachia yote kwa pamoja.

Ukiona lolote kati ya haya, panda kwenda juu, kwenye mwinuko, mbali na mto. Usikimbie kuufuata mto kwenda chini, maji yana kasi kuliko wewe. Acha kikapu, acha chupa ya chai. Na usijaribu kuvuka kurudi upande uliotoka. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini tu yanamwangusha mtu mzima mwenye nguvu. Kanuni yangu ni kwamba kama sioni vidole vyangu vya mguu, sivuki. Nikikuta kivuko cha magogo kimelowa au maji yanakigusa, narudi kwa njia niliyojia, hata kama ni saa mbili za ziada. Mara nyingi Rau ukijaa hupungua baada ya saa chache, kwa hiyo kama mmekwama upande usio wenu, tafuteni nyumba, pigeni hodi, msubiri. Hakuna mama wa Mabogini atakayewaacha nje.

Watu wa mtoni

Mto una wenyewe. Kuna wanaofua, wanaoteka, wanaonywesha ng'ombe, wanaooga. Mkikaribia kona msiyoiona mbele, ongeeni kwa sauti au semeni «hodi», ili aliyeko majini ajisitiri. Mkitambua ni upande wa kina mama, pandeni njia ya juu mpite bila kutazama. Salamu isipungue: shikamoo kwa wakubwa, na kwa wa rika lenu «habari za kazi», maana mnawakuta kazini nanyi mko kwenye matembezi. Picha ya mtu iombwe. Wengi watakubali na watawauliza mnatokea wapi, na hapo ndipo mtakapojua kama maji yalijaa juzi na kama njia ya mbele inapitika.

Mtaona pia mahali ambapo mahindi yamepandwa mpaka mdomoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu chanzo ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Inaniuma kuona ukingo umekatwa mkuyu, kwa sababu mvua tatu baadaye ukingo wenyewe haupo. Lakini msianze kumfokea mkulima mliyemkuta na jembe. Shamba lake pengine ndilo pekee alilo nalo. Ulizeni, sikilizeni, na kama mnataka kufanya kitu, chukueni miche ya miti na mrudi siku ya kupanda. Machi na Aprili ndiyo miezi yake.

Mazungumzo

Sina maelekezo mengi hapa. Njia nyembamba tembeeni mmoja nyuma ya mwingine na mnyamaze. Njia pana tembeeni bega kwa bega. Mambo mazito, la ndoa, la deni, la mzazi anayeumwa, yanatoka kirahisi zaidi wakati wote wawili mnatazama mbele. Akianza kuyasema, punguza mwendo. Usimkatishe kumwonyesha ndege.

Kurudi

Geukeni saa 4 asubuhi, muwe mmetoka kwenye maji kabla ya saa 6. Mpigieni yule dereva mkiwa bado na nusu saa ya kutembea. Mjini tafuteni mgahawa wenye mtori wa moto, wenye nyama, kila mtu bakuli lake. Baada ya kulowa hakuna kinachouzidi. Mwambieni mtu wa nyumbani kwamba mmefika, na ukumbuke kumjulisha na shangazi wa Uru, ambaye tangu asubuhi amekuwa akisikiliza mto kwa ajili yenu.

Viatu vioshwe siku hiyohiyo kabla tope halijakauka. Jaza magazeti ya zamani ndani, viweke kivulini penye upepo, badilisha magazeti jioni. Ukivianika juani au karibu na jiko la mkaa ngozi inapasuka. Kwa hewa ya Machi vitachukua siku mbili kukauka. Homa ikikupata wiki moja au mbili baadaye, nenda ukapime malaria na umwambie daktari ulikuwa upande wa mpunga.